Kokoto za Mzee Ngassa

"Nikikosea, nani atabaki hapa na mimi?"

Swali hilo liliulizwa mchana kweupe, mbele ya kikao kizima cha wanyama, na halikujibiwa. Mmoja alitazama kwato zake. Mwingine alipunga mkia kama anafukuza nzi, na nzi hawakuwapo. Lishikeni swali hilo, msilitupe. Tutalirudia.

Nina ngano, jamaa zangu.

— Itoe tuisikie.

Ina kokoto ndani yake.

— Tutaitafuna polepole.

Na atakayecheka mahali pasipo pa kucheka?

— Atoke nje, atuache tusikilize.

Basi kaeni vizuri.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa na vikao na wenyeviti kama sisi, palikuwa na mto mmoja uliopita nyikani. Uliitwa Mwasi. Masika ulijaa maji mpaka kingo. Kiangazi ulibaki mchanga mtupu, mweupe, mrefu, kama njia ambayo haina anayeipita. Lakini maji hayakuisha. Yalizama chini ya mchanga, yakatulia huko.

Miaka mingi tembo ndio waliochimba. Walikuja, wakanusa, wakapiga mchanga kwa miguu, wakatoa maji. Wakinywa na kuondoka, wengine wote walikunywa. Nani angehangaika kujifunza kuchimba, na tembo wapo?

Kisha mwaka mmoja tembo walihama, wasirudi tena. Wachimbaji walibaki wawili tu, Nyani na Ngiri. Kisima cha Nyani kilikuwa chembamba kama mkono wake, hakuna mdomo mwingine ulioweza kufika chini. Kisima cha Ngiri kilitosha wanawe na mkewe, basi.

Ndipo Nyati, aliyekuwa mwenyekiti, akaitisha kikao pale mtoni. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila nyumba ichimbe kisima chake. Na akaongeza sheria moja. Atakayechimba akakosa maji, alifukie shimo lake mwenyewe, mchana, watu wote wakitazama. Akishalifukia, kila apitaye atupe kokoto moja juu yake na kutaja jina la mchimbaji. Nyati alisema hiyo ni sheria nzuri, kwamba itawafanya wazembe wajitahidi.

Hoja yake ilikuwa hiyo. Mimi nawaomba muiweke akilini, maana tutaipima mbele ya safari.

Katika kikao kile alikuwapo pundamilia mmoja mtu mzima, jina lake Mzee Ngassa. Alikuwa na mke na binti. Maisha yake yote hakuwahi kuchimba hata shimo la kuficha ukwato. Alisimama, akashukuru kupewa nafasi, akauliza, "Nikikosea, nani atabaki hapa na mimi?"

Nimeshawaambia walichojibu.

Nyati alikohoa, akasema twende kwenye jambo linalofuata.

Mzee Ngassa alichimba. Siku ya tatu kuta za shimo zilimwangukia mpaka kifuani. Walimcheka. Fisi alicheka, hilo hatushangai, lakini walicheka na majirani zake aliokula nao majani. Akalifukia shimo lake, mchana, wote wakitazama. Kokoto zikaanza kutupwa. Ngassa. Ngassa. Ngassa. Kufikia jioni palikuwa na kichuguu.

Alfajiri yake alimchukua mkewe na bintiye, wakaondoka kuelekea Ziwani, mwendo wa siku tatu. Siku ya pili alilala chini ya mti wa miiba, hakuamka. Mkewe alivunjika mguu kwenye mawe ya njia hiyo hiyo. Ukaunga vibaya. Binti aliona vyote viwili.

Binti huyo aliitwa Nyamizi. Na ngano hii ni yake.

Mvua ziliponyesha mama na binti walirudi Mwasi, na miaka ikapita. Nyamizi akawa mtu mzima, na mama yake akazeeka. Kikaja kiangazi kingine kikali kuliko kile. Nyikani likabaki dimbwi moja, nalo lilikuwa tope zaidi ya maji. Nyati akatangaza kwamba mwezi mwandamo ukionekana, kundi lote linaondoka kwenda Ziwani. Zilibaki siku tisa.

Nyamizi alimtazama mama yake. Mguu ule wa zamani ulikuwa umekauka kama kuni. Mama hakuweza kutembea hata nusu siku, sembuse siku tatu.

Mama alimwambia aende na wenzake, amwache. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtoto afunge mlango.

"Sikuachi," Nyamizi alisema. "Nitajifunza kuchimba."

"Ukubwani huku?"

"Sina ukubwa mwingine, mama. Nina huu huu."

Kesho yake akaenda kwa Ngiri.

Ngiri alikuwa mchimbaji hodari, tusimnyime haki yake. Lakini alifundisha kama anayegombana. Alimtazama Nyamizi kuanzia masikio hadi kwato, akamuuliza mbele ya wapita njia, "Mzima mzima, hujui kuchimba?"

"Sijui, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

"Haya. Chimba nikuone."

Nyamizi akapiga mchanga. Ngiri akasema siyo hivyo. Akapiga tena. Siyo hivyo. Akapiga mara ya tatu, na Ngiri akawaita wanawe waje waone maajabu, mwenye miguu minne anachimba kama mwenye miwili. Hakumwambia hata mara moja ifanywe vipi. Kila Nyamizi alipouliza, alijibiwa kwamba mwenye akili haulizi. Kila alipokosea, alihesabiwa.

Siku ya kwanza alipiga mchanga hadi jioni, hakupata hata shimo. Siku ya pili alisahau hata alichokijua asubuhi. Siku ya tatu alikuwa akichimba macho yakiwa usoni kwa Ngiri badala ya kuwa kwenye mchanga, na shimo likamporomokea.

Ngiri akaridhika. Alisema yeye mwenyewe alifundishwa kwa meno ya baba yake, na makovu anayo, na ndiyo maana anajua. Hakuwahi kujiuliza ndugu zake watano, waliofundishwa kwa meno yale yale, siku hizi wanachimba wapi. Hawachimbi. Walikimbia.

Nyamizi akalifukia shimo lake. Kokoto zikatupwa. Nyamizi. Nyamizi. Fisi akasema damu haipotei, na wengine wakacheka.

Zikabaki siku sita.

Nyamizi akaenda kwa Nyani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, marahaba. Pole dada, nimesikia. Yule Ngiri hana utu kabisa. Kaa hapa, mimi nitakusaidia."

Nyani alikuwa mtamu. Hakupaza sauti, hakucheka. Alimketisha Nyamizi kivulini na kumwambia atazame. Akachimba mwenyewe, harakaharaka, vidole vikienda kama mvua ya mawe. Maji yakatokea.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Rahisi, sivyo?"

Nyamizi aliona aibu kusema siyo rahisi. Akasema rahisi. Akaomba ajaribu. Nyani akamwachia, lakini Nyamizi alipopiga mara mbili tu Nyani akamsogeza pembeni kwa upole, akamwambia lete, lete, utajiumiza, na akamalizia yeye. Akaomba tena. Lete, lete. Akaomba mara ya tatu. Nyani akamwambia asijisumbue, kazi hii ina wenyewe.

Shimo lilikuwa jembamba kama mkono wa Nyani. Mdomo wa Nyamizi haukufika. Aliporudi mtoni peke yake alijua kwamba macho yake yamejifunza kitu, lakini kwato zake hazijui chochote. Akachimba alivyokumbuka, wima, chini kwa chini kama alivyofanya Nyani. Shimo likamezwa nusu na mchanga kabla jua halijafika kichwani.

Mniambie, jamaa zangu. Kati ya hao wawili, nani alimkosea zaidi? Yule aliyemwambia huwezi kwa kelele, au huyu aliyemwambia huwezi kwa tabasamu?

— Wote wawili.

Mimi nasema hivyo hivyo.

Nyamizi akaanza kulifukia shimo la pili. Alikuwa akilia, lakini bila machozi, maana mwili haukuwa na maji ya kutosha. Ndipo akasikia sauti chini ya tumbo lake.

"Mwenzangu, usifukie kwanza. Naomba niingie ndani nitazame."

Alikuwa Bi Nguchiro. Mnyama mdogo, mkia mrefu, pua yenye vumbi wakati wote. Alikuwa mgeni katika nyika ile. Alihamia baada ya kiangazi kile cha zamani, na majina ya juu ya kokoto hakuyajua.

"Sheria inasema nifukie," Nyamizi alisema.

"Sheria itasubiri kidogo."

Bi Nguchiro akaingia shimoni. Akanusa upande huu, akanusa upande ule. Akakamata mchanga, akauminya, akauachia. Alipotoka alisema shimo lile lina habari nzuri. Upande wa kulia mchanga ni mkavu kabisa. Upande wa kushoto umeshikana kidogo. Maana yake maji yapo, na yapo kushoto.

Nyamizi alimtazama akidhani anatukanwa. Maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu akisema shimo lililokosa maji lina habari.

"Wewe unajua nini?" Bi Nguchiro alimuuliza.

"Sijui kitu."

"Hapana, mwenzangu. Sikuulizi hujui nini. Nakuuliza unajua nini. Wewe hugaagai mchangani?"

Nyamizi alisema hugaagaa kila asubuhi, kama pundamilia wote. Bi Nguchiro akamuuliza hugaagaa popote? Nyamizi akasema popote hapana. Kuna mchanga mzuri, mkavu, unaosugua kupe wakatoka. Na kuna mchanga mbaya, wa baridi, unaoganda kwenye manyoya. Huo huwa anaukwepa. Mgongo wake unaujua hata akiwa amefumba macho.

Bi Nguchiro akaketi mchangani. Alisubiri.

 Nyamizi akageuka taratibu, akautazama mto wote, huku mwanzo na huku mwisho, kama anauona leo.

"Wa baridi," alisema. "Ndipo penye maji."

"Mgongo wako ulijua kabla yangu," Bi Nguchiro akasema.

Siku ya tano walichimba shimo la kwanza pamoja. Mimi nasema pamoja, lakini aliyechimba ni Nyamizi. Bi Nguchiro alikaa ukingoni, mikono ameikalia. Ilimuuma kuona kwato zikipiga vibaya, na mkia wake ulikuwa ukirukaruka wenyewe, lakini mikono hakuitoa. Nyamizi alipopiga wima, alimwambia apumzike, auangalie mlima ule kule. Je, ubavu wake umesimama wima? Nyamizi akasema hapana, umelala. Basi, alaze na kuta zake. Nyamizi akazilaza. Hazikuanguka.

Lakini maji hayakuwapo. Mchanga uliokuwa chini ulikuwa na unyevu tu, tena upande wa juu, mto unakotoka.

Nyamizi alikwenda moja kwa moja kulifukia. Bi Nguchiro akamwomba asilifukie. Akasema hili litabaki wazi, kwa sababu limewaambia kwamba maji hayako hapa, na kesho wasipoteze nguvu hapa tena.

Hebu fikirini jambo hilo, jamaa zangu. Miaka yote ile wanyama wa Mwasi walifukia mashimo yao kwa aibu. Kwa hiyo hakuna aliyejua mwenzake aliishia wapi. Huyu alichimba mahali pakavu, akafukia. Mwingine akaja mwaka wa pili, akachimba mahali pale pale pakavu, akafukia. Na sheria ile waliiita ya kuwafanya wajitahidi.

Siku ya saba walichimba shimo la pili. Lilikuwa na unyevu mwingi zaidi, mchanga ulishikana kama ugali. Nyamizi akafurahi, akapiga haraka, na ukuta mmoja ukalegea ukamwangukia mpaka kifuani.

Mpaka kifuani. Kama baba yake.

Alitoka akitweta, akasimama mbali na shimo. Alisema basi. Alisema damu ni damu. Akasema zimebaki siku mbili na mama yake anameza mate.

Bi Nguchiro hakumwambia kwamba ni rahisi. Alimwambia kwamba ni kazi ngumu, na kwamba yeye mwenyewe mchanga ulimfunika mara tatu, mzima mzima, akatolewa kwa kuvutwa mkia. Alimwonyesha kovu. Kisha akamkumbusha kwamba siku tatu nyuma hakujua kunusa unyevu, leo anaujua. Hakujua kulaza ukuta, leo amelaza kuta tatu kati ya nne.

Nyamizi akamuuliza, polepole, bila kujua anarudia maneno ya nani, "Nikikosea tena, nani atabaki hapa na mimi?"

"Mimi," Bi Nguchiro alisema. "Nina njaa, na jua linaniua. Lakini nitakuwa hapa."

Jamaa zangu, swali lilingoja miaka yote hiyo. Jibu lake lilikuwa neno moja.

Siku ya nane asubuhi walisimama katikati ya mashimo mawili yaliyo wazi. La kwanza lilikuwa na unyevu upande wa juu. La pili lilikuwa na zaidi, upande wa juu. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyesema kwamba maji yanapita kwa mstari. Akaufuata mstari huo kwa mgongo wake, akijilaza hapa, akijilaza pale, mchanga ukizidi kuwa wa baridi. Mara akasimama.

Mbele yake palikuwa na kichuguu cha kokoto.

Tangu utotoni Nyamizi alikizunguka kichuguu kile. Njia yake ya kwenda malishoni ilipinda kwa ajili yake. Bi Nguchiro, ambaye hakujua, alisema mstari unapita hapo hapo chini, wazitoe kokoto.

"Hapana."

"Kuna nini, mwenzangu?"

"Ni za baba yangu."

Akamsimulia. Bi Nguchiro alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hatamlazimisha. Alisema wanaweza kuchimba pembeni, labda watafika, labda siku haitatosha. Uamuzi ni wa Nyamizi. Akarudi ukingoni, akakaa, akaikalia mikono yake.

Nyamizi alikizunguka kichuguu mara moja, kama kila siku. Kisha akainama, akashika kokoto ya kwanza kwa meno, akaiweka kando. Akashika ya pili. Akashika ya tatu. Zilikuwa nyingi mno. Kila moja ilitupwa na mtu aliyekuwa na mdomo na jina la baba yake ndani ya mdomo huo. Alizitoa zote. Alipomaliza, midomo ilikuwa inatoka damu na jua lilikuwa linazama. Akalala hapo hapo.

Siku ya tisa, kulipokucha, alianza kuchimba.

Mchanga ulikuwa laini, wa kufukiwa. Alilaza kuta. Alinusa. Mchana ulipofika katikati, ukwato wake uligusa kitu kigumu. Alikuwa amefika chini kabisa alipoishia mchimbaji wa kwanza. Ulikuwa udongo mfinyanzi, wenye unyevu, na ndani yake zilikuwamo alama mbili za kwato. Kubwa kuliko zake.

"Aliyechimba hapa alijua anachokifanya," Bi Nguchiro alisema kutoka juu. "Mahali alipachagua vizuri."

Nyamizi akaweka kwato zake ndani ya alama zile. Akapiga. Udongo ukapasuka, kiasi cha ukwato mmoja tu kwenda chini.

Maji yakaja.

Yalikuja kimyakimya, mekundu kwanza, kisha meupe. Lakini maji yakija, kuta hulainika. Mchanga ukaanza kuteleza, huku kidogo, kule kidogo. Bi Nguchiro akasimama. Hili hakuwa na dawa yake. Visima vyake ni vidogo, havina kuta za kuanguka namna hiyo.

Nyamizi alitazama juu, akaziona kokoto. Akaanza kuzishusha. Akazipanga ukutani, moja juu ya nyingine, akizikandamiza kwa kifua. Zilizotupwa kumwaibisha baba yake zikashika ukuta. Ya mwisho ilipoingia mahali pake, mchanga ulitulia.

"Hilo la mawe sikulijua," Bi Nguchiro alisema. "Naomba unifundishe."

Nyamizi akaenda kumleta mama yake. Ilikuwa hatua kama mia mbili, na waliitembea mpaka jua likashuka. Mama alipouona mteremko wa kisima na kuona uko wapi, alisimama.  Akashuka, akanywa. Alikunywa muda mrefu. Akainua kichwa, akanywa tena. Kisha akaziona alama mbili za kwato, zilizobaki nusu kwenye udongo, pembeni mwa maji.

"Ukwato mmoja," alisema. "Angekuwapo hata mmoja wa kumwambia ongeza kidogo."

Nyamizi akashuka, akanywa kando yake. 

Jioni hiyo mwezi ukaandama. Nyati akaja na kundi lote, mizigo ya roho zao mgongoni, tayari kwa safari. Wakamkuta mama kizee aliyetakiwa kuachwa amelala kando ya maji, tumbo limejaa.

Walikunywa kwa zamu. Hakuna aliyecheka. Nyani hakuwamo wala kisima chake hakikuwapo. Mwiba ulikuwa umemchoma kiganjani siku mbili kabla, mkono ukavimba, kisima kikajaa mchanga, na katika ukoo wake mzima hapakuwa na aliyejua kukizibua. Aliwaambia wote lete, lete. Ilibidi abebwe mpaka kisimani kwa Nyamizi, na Nyamizi hakumnyima.

Wote walipokunywa, Nyati akakohoa, akataka kutoa pongezi za kikao. Nyamizi akaomba nafasi. Alisema hahitaji pongezi. Ana swali, liliulizwa na marehemu baba yake mahali hapa hapa, na kumbukumbu za kikao hazionyeshi jibu.

"Nikikosea, nani atabaki hapa na mimi?"

 Swala akasogea mbele, akasema yeye atabaki. Nyumbu akasema atabaki. Ngiri alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alisema kwa taabu kwamba watoto wake wawili bado hawajui kuchimba, wanamwogopa, na hajui afanyeje. Bi Nguchiro akamwambia aje kesho, akae ukingoni, aikalie miguu yake ya mbele. Huo ndio mwanzo.

Sheria ya kokoto ikafutwa. Badala yake ikawekwa nyingine. Aliyechimba akakosa maji aliache shimo wazi, asimame kando yake, awaeleze wenzake alifika wapi na aliona nini. Na wote wakae wasikilize. Kokoto zikatengwa kwa ajili ya kuta.

Nyika ya Mwasi ikawa na visima vingi. Lakini Mzee Ngassa hakurudi. Hilo sitawadanganya.

Funzo la ngano hii ni fupi. Mtu mzima hakatai kujifunza, anakataa kuaibishwa. Ukimcheka, unamfukuza. Ukimfanyia kila kitu, unamfunga. Anza na anachokijua, mwachie kazi mikononi mwake, na akikosea usiondoke. Waliomwita Ngassa mzembe walikuwa wamesimama juu ya maji wakitupa mawe.

Ngano yangu naitua hapa kisimani. Mwenye kiu anywe, mwenye kokoto aiweke ukutani.

— Tumeiweka.

Basi nina ombi moja. Kuna mtu mzima mnamjua, mama, mjomba, jirani, anayetaka kujifunza kitu na anaogopa kuonekana hajui. Kesho nendeni mkakae naye. Akikosea, naomba mbaki.